Mkalimani wa Tunu

Nikianza msinikatize, na nikinyamaza ghafla mjue nimezuiwa. Hayo ndiyo masharti yangu, wala si mengi.

Nchi yetu ilikuwa na jina zuri tu, lakini mwaka wa tisa wa utawala wa Mlezi Mkuu jina hilo lilipelekwa kufanyiwa ukarabati, na mpaka leo mafundi hawajalirudisha. Kwa hiyo tunaiita nchi. Ukitumiwa barua, mtumaji anaandika "Nchini" na inafika, tena inafika imeshafunguliwa, huhangaiki na mkasi. Serikali yetu inatujali mno. Nasema hivi kwa moyo mweupe, hakuna aliyenilazimisha. Huyo mnayemwona nyuma yangu ni jirani, anapenda kusimama.

Mimi naitwa Mbaruku, na kazi yangu ni kutafsiri muvi. Kwa asiyejua, kibanda cha video kina mabenchi na televisheni moja, na pembeni ya televisheni nakaa mimi na maikrofoni yangu. Muvi inatoka huko ilikotoka inazungumza lugha yake. Mimi naipunguza sauti, naweka yangu. Mzee ni mimi, mtoto ni mimi, mbwa akibweka ni mimi, mlango ukilia ni mimi. Na watu wetu hawataki majina ya huko. Nikitaja jina gumu tu, benchi la nyuma linapiga kelele: "Mbaruku, tupe mtu tunayemjua!" Basi nawapa. Jambazi namwita jina la mwenye bucha. Mji wa maghorofa ya vioo nauita Kwa Mkunazi, ndio mtaa wetu, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni tangi la maji. Polisi wa kwenye muvi nawaacha bila majina, maana sina wazimu.

Ikaja sasa ile muvi ya binti. Aina yake mnaijua. Kuna nchi ya miaka ijayo, watu wamegawanywa mafungu, chakula kwa foleni, na juu kabisa amekaa mzee wa suti anayewapenda sana raia wake. Halafu anatokea msichana wa miaka kumi na saba, hacheki, nywele kazifunga nyuma, vijana wawili wanampenda kwa mpigo, na ikifika dakika ya mia na kumi yule mzee hayupo tena. Watu wa Kwa Mkunazi walipoiona mara ya kwanza hawakupiga makofi. Walitazamana, wakaomba niirudishe mwanzo.

Yule binti nilimwita Tunu. Tunu ni mwanangu, sina mwingine. Alipokuwa mdogo alikaa miguuni pangu kibandani, nikawa kila msichana mzuri wa kwenye muvi nampa jina lake. Mwanangu ameshakuwa daktari, rubani, na malkia wa chini ya bahari. Ni raha ya baba tu, jamani, nani angeniona mbaya? Lakini mara hii nikapitiliza. Binti aliposimama mbele ya mzee wa suti akafungua mdomo, mimi nikanguruma kwenye maikrofoni: "Mimi ni Tunu binti Mbaruku wa Kwa Mkunazi, nyumba ya pili ukipita kisima, na leo umepatikana!" Loo! Mabenchi mawili yalivunjika. Tuliionyesha muvi ile mara arobaini, na kila tukifika hapo kibanda kizima kilikuwa kinanisaidia kusema.

Tunu mwenyewe, huyu wa nyama na damu, alikuwa anajifunza cherehani kwa Bi Zamda. Anashona sare za shule. Ni mpole hadi anakera. Ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Na anaogopa majogoo. Siyo kuogopa kidogo, akiona jogoo anapanda juu ya chochote kilicho karibu, hata kama ni mtu.

*

Nakala ya muvi ile, ikiwa na sauti yangu ndani, ikafika Ikulu. Mlezi Mkuu akaitazama pamoja na Baraza zima la Mawaziri. Inasemekana mzee wa suti alipoanguka, Mlezi Mkuu alilia machozi ya kweli.

"Amewakosea nini?" aliuliza. "Aliwapa mafungu. Aliwapa ukuta. Aliwapa na wimbo wa asubuhi!"

Mawaziri nao wakalia, kwa kufuata vyeo, waziri mwandamizi akitangulia na naibu wa mifugo akimalizia.

"Na huyu binti ni nani?"

"Amejitaja mwenyewe, Mtukufu. Tena na anwani katoa."

"Sasa mbona mmekaa?"

Hawakukaa tena. Iliundwa Idara ya Kinga Dhidi ya Mabinti, ikapewa jengo ambalo zamani lilikuwa hospitali ya wazazi, na mkurugenzi wake akawa Bwana Sahali Ndwata, kijana msomi, mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kutishia. Wataalamu wake walitazama muvi za aina ile sitini na tatu, wakagundua kwamba serikali zote duniani huangushwa na wasichana wa miaka kumi na sita hadi kumi na tisa. Vita, njaa, deni, vyote ni visingizio. Basi yakatoka makatazo. Ilipigwa marufuku msichana kupendwa na vijana wawili kwa wakati mmoja; wa pili alitakiwa kujisalimisha kituoni. Msitu wetu mmoja uliobaki ukafyekwa ili pasiwe na pa kukimbilia kwa mwendo wa polepole kama kwenye muvi. Kila binti akatakiwa kucheka mara tatu kwa siku mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, naye anatia sahihi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Nilifikiri, maskini mimi, kwamba yanawahusu watoto wa watu wengine.

Walikuja kumchukua saa nne asubuhi, askari sabini na vifaru viwili. Kwa bahati mbaya askari mmoja alikuwa amekamata jogoo njiani, kitoweo chake, kamkumbatia. Tunu alikuwa anatia mkono wa shati kwenye cherehani. Akainua macho, hakuona vifaru, hakuona bunduki, akaona jogoo. Bi Zamda anasema mtoto aliruka kutoka kwenye kiti hadi mezani, kutoka mezani hadi juu ya kabati la vitambaa, akabaki huko anatetemeka. Afisa aliandika kwenye daftari lake: "Mtuhumiwa ameruka mita tatu bila maandalizi. Amefunzwa."

Mama Tunu alipopata habari hakupiga yowe. Alikuja kibandani, akasimama mbele ya televisheni, akanitazama hadi nikaizima.

"Baba Tunu," akasema, "wabaya wote hao wa kwenye muvi, hata mmoja hukumwita Mbaruku?"

Mpaka leo natafuta jibu.

*

Nikaenda kwa Mkurugenzi. Kwa umri ningeweza kumzaa, lakini niliinama nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila haya.

"Mheshimiwa, kuna makosa kidogo," nikasema. "Ile ni muvi. Yule wa kwenye muvi siyo mwanangu. Hebu mtazame vizuri, Mheshimiwa, yule ni mzungu."

Akatabasamu kwa huruma. "Mzee Mbaruku, mtu anayetaka kupindua serikali atakuja na sura yake?"

"Lakini jina nilimpa mimi! Ni mchezo wetu wa kibandani. Mwenye bucha nimemuua mara mia mbili na bado anauza nyama."

"Huyo tunamchunguza pia." Akavua miwani ya kutishia, akavaa ya kusomea. "Mimi sina ubaya na wewe. Tena muvi yako naipenda, nimeiona mara kumi na moja. Kwa ajili ya kazi, lakini." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Hivi kati ya wale vijana wawili, mwisho anamchukua yupi?"

Nikamwambia anamchukua yule mrefu. Akaonekana kuumia kidogo, nadhani alikuwa upande wa mfupi.

Ndipo akanieleza utaratibu. Katika nchi yetu, lugha ya mshitakiwa ni ile iliyonaswa kwenye ushahidi. Kwenye ushahidi Tunu anazungumza lugha ya kigeni. Kwa hiyo Kiswahili chake hakitambuliki mahakamani mpaka kitafsiriwe.

"Kitafsiriwe kwa lugha gani, Mheshimiwa?"

"Kwa Kiswahili, mzee. Unataka mahakama isielewe?"

Na mkalimani wa Tunu anayetambulika, kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyo kwenye ushahidi, ni mmoja tu, ni mimi.

Nilikaribia kucheka kwa furaha. Mwanangu yuko mikononi mwangu! Lakini Bwana Sahali akainua vidole vitatu. "Mlezi Mkuu ana moyo laini. Anataka mambo matatu tu: akiri, ajute, ashukuru. Kwa utaratibu huohuo. Akitimiza, jioni hiyohiyo mnakula naye nyumbani. Asipotimiza..." Akavaa ile miwani nyingine. Nikasema nimeelewa. Nikatia sahihi fomu nakala nne, moja ya kwao, moja ya Ikulu, moja ya makumbusho, na moja ambayo hakuna aliyejua ni ya nini.

Waliniruhusu kumwona dakika sita. Alikuwa amekonda. Walikuwa wamemfunga nywele nyuma kwa kamba, ili afanane na ushahidi.

"Baba," akasema, "ni kweli jina langu ulilitoa wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa najivunia."

Nilitegemea alie, au anitukane, ningepata nafuu. Akanyoosha mkono kupitia wavu akanifuta mimi machozi. "Basi usijali. Wewe ndiye mkalimani, wameniambia. Waambie tu siyo mimi. Nina sare arobaini hazijatiwa vifungo, na shule zinafunguliwa Jumatatu."

"Nitawaambia," nikasema. Nikiwa na vile vidole vitatu kichwani, bado nilimwambia hivyo. Niliogopa kumweleza, kwa sababu Tunu hajui kusema uongo, angeukataa palepale mpango wenyewe.

*

Kesi ilifanyika uwanja wa mpira. Watu wote wa Kwa Mkunazi waliletwa kwa malori kuja kushuhudia haki, na aliyechelewa kupanda alipandishwa. Mlezi Mkuu alikaa jukwaani nyuma ya kioo. Jaji Mkuu wa Dharura, mzee mnene mwenye joho lililochanika kwapani, alifungua kwa hotuba ya saa mbili kuhusu uhuru wa mahakama, na kila akitaja neno uhuru alikuwa anageuka kwenye kioo kuhakikisha halijamuudhi mtu.

Kisha wakaonyesha muvi. Skrini kubwa ajabu, spika kumi na mbili. Nikajisikia mimi mwenyewe nikinguruma uwanja mzima: "Mimi ni Tunu binti Mbaruku wa Kwa Mkunazi!" Hakuna aliyeisaidia sentensi ile siku hiyo. Watu walitazama viatu vyao. Nikatamani ardhi inimeze na maikrofoni yangu.

Tunu akasimamishwa kizimbani. Wamemvisha koti la ngozi, kubwa, mikono inaning'inia.

"Mshitakiwa," akasema Jaji, "wewe ndiye Tunu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, mimi ni Tunu. Lakini siyo yule."

Jaji akanigeukia mimi. "Amesemaje?"

Niape vipi ili mniamini? Alizungumza Kiswahili safi, kwenye spika kumi na mbili, mbele ya watu elfu thelathini, na wote elfu thelathini waligeuka wakanisubiri mimi. Bwana Sahali alikuwa mstari wa mbele. Kidole kimoja kikapanda.

"Anakiri," nikasema.

Karani akaandika. Tunu akanikodolea macho, akadhani hakunisikia vizuri.

"Ulimwangusha mzee wa suti?"

"Sijawahi hata kumsukuma mtu, Mheshimiwa. Mimi nashona sare. Sare za darasa la tatu."

"Amesemaje?"

"Anajuta sana."

Kule kwenye majukwaa nikasikia mwanamke mmoja anasema "Eeh, Mbaruku!" kisha mtu akamziba mdomo. Nilijua ni mama Tunu. Nilijiambia bado moja, Mbaruku, bado moja tu, jioni tunakula wote.

Tunu akanigeukia mzima mzima. "Baba!" akaita.

"Amesemaje?" akauliza Jaji.

"Anamshukuru Mlezi Mkuu."

Wakapiga makofi, maana waliagizwa. Mimi nikalia. Nililia kwa furaha, wallahi, sikuona haya. Ataninunia wiki, mwezi, mwaka mzima, si kitu, atakuwa ananinunia nyumbani.

Jaji akapanga karatasi zake. "Mlezi Mkuu, kwa upole wake usiopimika, amemsamehe mshitakiwa." Makofi. "Amemsamehe kwa sehemu ya kwanza." Makofi yakapungua kidogo. "Wataalamu wa Idara wamethibitisha kwamba muvi za namna hii huwa na sehemu nne. Katika sehemu ya pili, binti aliyesamehewa hurudi akiwa na watu nyuma yake. Kwa hiyo mshitakiwa atatunzwa na Serikali mpaka sehemu zote zitakapotoka na kuisha. Makadirio ni miaka kumi na minne."

Nikahesabu miaka hiyo kwa vidole, vikaniishia.

"Mahakama inapenda kusema ukweli," akaendelea, anafuta jasho. "Tulikuwa na shaka. Picha inaonyesha mzungu, na huyu mtoto, kama mnavyomwona, si mzungu. Hati ya kumwachia huru ilikuwa imeshachapwa, ninayo hapa. Lakini mshitakiwa amekiri, mahakama ingefanyaje?" Akaichana vipande viwili, akampa karani atunze vyote.

Nikamtazama Bwana Sahali. Alikuwa amevua miwani yote miwili na anaangalia nyasi.

Sijui nilisimama saa ngapi. Ninachojua maikrofoni ilikuwa mdomoni na spika zote kumi na mbili zilikuwa zinapiga kelele: "Hakukiri! Hakukiri jamani! Amesema siyo yeye, mmemsikia wote kwa masikio yenu! Ni mtoto tu, anashona sare! Mlezi Mkuu kama ni mzazi na ashuke huko kwenye kioo amtazame!"

Jaji hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mkalimani," akasema, "mshitakiwa hajafungua mdomo. Wewe unatafsiri nini?"

Nikashusha maikrofoni.

"Kazi ya mkalimani ni kusema yaliyosemwa. Nakuuliza taratibu, mzee wangu, na karani anaandika. Haya maneno ya kumwamuru Mlezi Mkuu ashuke ni ya nani? Kama ni yako, ni uchochezi, miaka thelathini, na utaianzia leo. Kama ni ya mshitakiwa, ni kukataa msamaha, na miaka thelathini hiyo inaongezwa kwenye yake."

Ilitakiwa niseme ni yangu. Jibu lilikuwa fupi hivyo. Mimi niliyekuwa mfalme, jambazi, jemadari, niliyewahi kufa mara mia kwa sauti hadi benchi la nyuma likalia, nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nilitaka kusema. Mungu ananiona, nilitaka. Niliwaza kuta, niliwaza giza, niliwaza umri wangu, na hizo zote ni sekunde ngapi? Labda tatu. Labda nne.

Tunu alinisubiri sekunde zote hizo. Kisha akavuta mikono ya lile koti, akasogelea ubao wa kizimba, akasema bila kupaza sauti:

"Nimesema mimi, Mheshimiwa. Baba anatafsiri tu."

Jaji akachovya kalamu, akanigeukia. "Amesemaje?"

Watu elfu thelathini wakanisubiri. Nikashika maikrofoni kwa mikono miwili, nikatafsiri, sikuongeza wala sikupunguza.

"Amesema ni yeye," nikasema. "Mimi natafsiri tu."